Sura ya nne ya tasnifu na mtoto wa miaka mitano aliyezama kwenye dinosaria: mnapangaje muda?

KalamuNusu
Wakuu, habari za jioni. Tasnifu ya uzamili: sura tatu zimepita kwa msimamizi, ya nne (uchambuzi wa data) ndiyo imenikalia. Usaili 18 umeshanukuliwa wote. Kazini natoka saa kumi na moja jioni, na nyumbani kuna mtoto ambaye kila baada ya dakika tano ana swali la dinosaria. Sitaki kumzimia hiyo hamu, wala kumwachia simu. Imebaki miezi minne kukabidhi. Naomba mbinu, si "pambana tu, utaweza".

Mhariri77
Kabla ya kugawa muda, igawe kazi kwa uzito wake. Nzito ni kupata dhamira (mada kuu zinazojirudia kwenye usaili), kuchagua dondoo za wasailiwa na kuandika hoja inayozishika pamoja. Hiyo inadai dakika 60 hadi 90 mfululizo, maana robo saa ya kwanza huishia kukumbuka ulikuwa unasema nini. Nyepesi ni majedwali, namba za vielelezo, pambizo, na kukagua kama kila aliyetajwa ndani yumo kwenye marejeleo. Nyepesi hukatwa na kuungwa bila hasara, hata mtoto akiwa anachora pembeni yako.

Wengi hufanya kinyume: alfajiri wanapanga marejeleo kwa sababu kazi inaonekana imesogea, jioni wanagombana na hoja huku mtoto yuko macho. Alfajiri iwe ya kazi nzito peke yake, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki, intaneti imezimwa. Hizo ni saa 6 kwa wiki, karibu 96 kwa wiki 16. Zinatosha kwa sura moja, mradi ulale saa nne usiku. Ukilala saa sita, wiki ya pili mwili utakataa.

Kabla ya kufunga, andika mistari mitatu juu ya faili: nimeishia wapi, sentensi inayofuata itasema nini, inahitaji usaili namba ngapi. Nakala ya kila siku iwe na tarehe kwenye jina, moja kwenye flashi, moja ujitumie kwa barua pepe. Ukiinuka hata kwenda kunywa maji, funga skrini kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Kidole cha miaka mitano kinafuta kurasa kumi, na programu inahifadhi kwa utiifu mkubwa.

MwlAwali
Nije upande wa mtoto. "Baadaye" kwake haina maana. "Mshale mrefu ukifika kwenye 4" ina maana. Bandika karatasi nyekundu kwenye saa ya ukutani, anza na dakika 10, ongeza tano kila wiki. Ila kabla ya hizo dakika mpe robo saa nzima, simu ikiwa chumba kingine. Mtoto ambaye hajaonwa tangu asubuhi hatakuacha ukae.

Maswali yawe na daftari lake. Hajui kuandika? Anachora. Baada ya chakula cha usiku mnajibu mawili, mengine yanasubiri kesho. Ukiruka siku mbili, daftari linakufa na maswali yanarudi mlangoni kwako.

Kwa siku unazotaka nusu saa, mpe mifupa ya kuchimba. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji robo tatu ya kikombe. Ukiona bado mkavu ongeza kijiko kijiko. Finyanga mifupa isiyozidi unene wa sentimita 1, anika juani siku mbili tatu huku ukiigeuza. Ikiwa minene, nje hukauka ndani kubichi, kisha inapasuka. Masika chumvi huvuta unyevu na mifupa inalegea, kwa hiyo itunze kwenye kopo lenye mfuniko. Asiionje, chumvi ni nyingi mno. Ifukie kwenye beseni la mchanga mkavu, mpe brashi ya rangi. Mchanga ukiwa na maji brashi haifanyi kitu na utaitwa kila dakika.

BabaLindi
Kwenye hilo beseni mwambie anachimba Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, lakini waliofanya kazi yenyewe ni mamia ya watu wetu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa hiyo zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mkubwa wa pale amesimama kwenye makumbusho huko Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Kata kamba ya katani ya kipimo hicho, mfungie fundo kila mita, ailaze uani ahesabu hatua. Vitabu vya zamani humwita Brachiosaurus. Siku hizi anaitwa Giraffatitan, na usishangae mtoto akikusahihisha. Tyrannosaurus asimweke humo: wa Tendaguru ni wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, yule alikuja mamilioni mengi baadaye, tena Amerika.

Mhariri77
Nimesahau mwenza. Msikubaliane "ukipata nafasi nishikie mtoto", hiyo nafasi haiji. Jumamosi saa mbili hadi saa saba mchana wewe uko maktaba, nje ya nyumba kabisa. Jumapili saa hizohizo ni zake. Msimamizi mpelekee dhamira mojamoja badala ya sura nzima, na ujiwekee tarehe ya mwisho wiki tatu kabla ya ile ya kukabidhi, maana maoni huchelewa. Shule zikifungwa Juni, usipange kuandika hoja mpya. Wiki hizo ni za majedwali na marejeleo.

KalamuNusu
Asanteni sana. Mwalimu, hapa nina sembe tu, haiwezi kufaa kwa hiyo mifupa?

MwlAwali
Haitafaa. Sembe haina ule mnato wa ngano, ikikauka inamomonyoka. Ukiwa na udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu tumia huo: chekecha, ukande na maji kidogo, na uanike kivulini. Jua kali litaupasua.