Wauza betri za taa za dagaa Mwanza, hiyo 12Ah mnayoandika mmeipimia wapi??

Wakuu nina hasira na sijalala, mtanivumilia. Hivi wauza betri wa hapa mjini mnatuonaje sisi watu wa ziwani? Giza ndo limeingia, mbalamwezi imeisha, vijana wameshuka na mtumbwi huko mbele ya Igombe, taa wameshazitega, sasa ile saa sita usiku dagaa ndo wanaanza kukusanyika na taa nazo zinaanza kufifia moja moja, kufika saa nane zimekufa zote. Dagaa anafuata mwanga, taa ikizima ametawanyika, hana cha kukusubiri. Petroli nimechoma, hela ya msosi nimetoa, watu wamerudi na ndoo za aibu.

Na betri ni MPYA. Stika imeandikwa 12V 12Ah kubwaaa (Ah ndo kipimo cha umeme ambao betri inabeba, 12Ah ni kutoa ampia moja kwa masaa 12) na picha ya jua juu yake. Asubuhi nikaitupia kwenye mzani wa dagaa, kilo mbili na ushee. Jamani betri ya madini ya risasi (lead-acid) ya kilo mbili na ushee ni ya 7Ah hiyo, ya 12Ah halisi inatakiwa ikaribie kilo nne, risasi haidanganyi uzito. Sasa hizo 5Ah zingine ziko wapi, kwenye gundi ya stika?

Nilipiga hesabu kabla ya kununua. Taa moja ya 5W kwenye betri yake inakula kama 0.4A, toka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa 10, yaani 4Ah na kitu. Betri ya risasi ukitaka idumu usiinyonye kupita nusu, kwa hiyo 12Ah ya kweli inamaliza usiku na chenji inabaki. 7Ah nusu yake ni 3.5, hapo ukiishia nusu alfajiri huioni hata betri ikiwa nzima, na hii yangu nadhani hata hiyo 7 haifiki maana imekufa mapema mno.

Nimerudi dukani naambiwa "bosi umeichaji vibaya, na hizi hazina gerentii". Haya. Halafu bila aibu anataka nichukue ya pikipiki niongeze hela! Ile imetengenezwa kupiga stata mara moja kwa nguvu injini ikiwaka basi, ukiifanya ya kuwashia taa usiku kucha kila siku unaiua mapema. Nikakataa, akaleta boksi la seli za lithiamu 18650 (zile ndogo za mviringo) zimeandikwa 9900mAh kila moja, yaani 9.9Ah. Mzee, seli nzuri kabisa za saizi hiyo zinacheza kwenye 3500!! Kuuliza LiFePO4 ya 12.8V, aina nyingine ya betri ya lithiamu, ambayo ndo nyepesi na unaitumia karibu yote, anayo, ila chaja anayonipa ni ya betri za gari, haelewi kabisa habari ya chaja kuishia 14.6V betri ikijaa. Anauza tu.

Polisi nimeambiwa niende na risiti. Risiti yenyewe imeandikwa "betri", basi.

Mwenye kujua duka la hapa Mwanza linalokubali ufunge taa yako kwenye betri, iwake masaa 10 mbele ya macho yenu ndo ulipe, aliweke hapa hapa kila mtu aone. Wale wa "njoo inbox mkuu" piteni pembeni.