Tupeane uzoefu: shida zikija kwa mkupuo, sisi wa maua tuliulizwa nini?

Wadau wa mashamba ya maua Naivasha, Kenya, na kwingineko, habari zenu. Korona, ziwa kufurika, ukame, vita vya Ukraine, bei ya mafuta, makato. Kila moja imeandikiwa ripoti yake, lakini zote zinagombania mshahara mmoja. Leta yako, na kama mtafiti aliwahi kukuhoji, sema alikuuliza nini.

Naanza. Machi 2020 soko la mnada Uholanzi lilianguka, maua yakamwagwa. Mimi nilikuwa grinihausi ya waridi. Kukata hakukusimama, maana waridi halingoji soko. Tulikata asubuhi, mchana tukatupa kwenye shimo la mboji. Kisha wa msimu wakaambiwa waende nyumbani, watapigiwa simu. Wa kudumu tukapewa likizo bila malipo. Mwaka huo huo Ziwa Naivasha likapanda, mtaani Kihoto maji yakaingia hadi ndani ya nyumba, na shule zimefungwa, watoto wote unao. Hojaji niliyoletewa baadaye ilikuwa ya Korona tu. Nilipotaja maji, dada wa watu akanijibu kwa upole, "Hiyo haimo, mama."

Gredi Sitini: Sisi wa pakihausi, tunaopanga na kufunga maua, tulihojiwa kantini, saa ya chakula, msimamizi yuko meza ya pili anakunywa chai. Je, mnaruhusiwa kwenda msalani? Ndiyo. Mnapewa glavu? Ndiyo. Tulijibu kama kwaya. Mlitaka tuseme nini jamani?

Wa Msimu: Afadhali nyinyi. Kandarasi yangu iliisha na jina likatoka kwenye orodha. Siku zile utafiti mwingi ulikuwa wa kupiga simu, na simu nilishaiuza kununua unga.

Mjumbe wa Shamba: Niongeze la chama cha wafanyakazi. Baada ya vita vya Ukraine kuanza, 2022, mbolea ilipanda vibaya. Kwenye mazungumzo ya mshahara mwajiri alikuja na majedwali: mbolea, dizeli, nauli ya mizigo ya ndege. Sisi tulikwenda na daftari la bei ya unga, la mama mmoja wa grinihausi namba nne. Tulichekwa, lakini ndilo lililotusaidia, kwa sababu aliandika kila Jumamosi, na duka alilonunua. Septemba 2023 petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita, matatu zikapandisha. Mwaka huo huo ikaja tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na kuanzia Oktoba 2024 SHIF, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75. Mtafiti akiuliza mshahara wako ni ngapi, mwulize: kabla ya makato au baada?

Mwanafunzi wa Hojaji: Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Mfadhili akilipia Korona, swali la mafuriko halina bajeti. Na mara nyingi shamba ndilo linalotuchagulia wa kuhoji. Nikitaka kuwapata nje ya kazi, nije lini?

Gredi Sitini: Marahaba. Jumapili baada ya ibada, mtaani Karagita. Usishushwe na gari la kampuni. Utulipie nauli, na uanze na wale walioachishwa. Wa Msimu atakuonyesha wanakokaa. Swali la glavu liache, uliza dawa hupulizwa saa ngapi na sisi huwa wapi saa hiyo.