Nimehamishia muziki kwenye diski ya nje, maktaba nzima imegeuka alama za mshangao!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikikosea herufi.

Diski ya ndani ya kompyuta ilijaa. Muziki peke yake ulishakula GB 180, nyimbo 18,000 na ushei, miaka 11 ya kukusanya, kusahihisha majina na kutafuta picha za majalada. Nikapata diski ya nje ya TB 1, nikachomeka, nikaiburuta folda ya muziki mpaka kule. Ikanakili usiku kucha. Asubuhi nikahakikisha zote zimefika, nikafuta za zamani. Kosa langu liko wapi hapo?

Nafungua programu ya muziki: kila wimbo una alama ya mshangao ubavuni. Eti faili halipatikani. Halipatikani vipi na mimi naliona? Nikilibofya kule kule kwenye folda, wimbo unaimba safi kabisa!

Kumbe maktaba ni vitu viwili. Kuna nyimbo, halafu kuna faili moja dogo la kumbukumbu linaloandika kila wimbo unakaa wapi. Nyimbo zilihama, daftari likabaki na anwani za zamani. Na humo kwenye daftari ndimo zilimo pleilisti, nyota nilizotoa, hesabu ya mara nilizosikiliza na tarehe nilizoingiza kila albamu. Jina la msanii na la albamu yamo ndani ya MP3 yenyewe, sawa, lakini pleilisti hazimo. Hili nimelijua baada ya kutii ushauri wa "futa maktaba, ingiza upya". Nyimbo nimezirudisha. Pleilisti zangu zimekwenda na maji.

Subirini, bado. Wakati wa kuingiza upya, kwenye mipangilio kulikuwa na kisanduku kimetikiwa tangu siku ya kwanza: kila wimbo unaoingizwa unakiliwe kwenye folda ya programu. Folda hiyo iko wapi? Diski ya ndani! Ikaanza kuzirudisha nyimbo kule kule nilikozitoa, mpaka diski ikajaa tena.

Njia sahihi ipo, imefichwa tu. Unabadilisha kwanza mahali pa folda kwenye mipangilio, kisha unaiamuru programu yenyewe ikusanye mafaili yote huko, na ya zamani unafuta mwisho, baada ya kujaribu. Basi ingewagharimu nini kuweka onyo la mstari mmoja pale nyimbo 18,000 zinapotoweka kwa mpigo?

Halafu juzi nimechomeka flashi kabla ya diski. Herufi ambayo kompyuta huipa diski, ambayo ndiyo mwanzo wa kila anwani kwenye daftari, ilikuwa E ikawa F, mishangao ikarudi yote. Sasa nimeipa herufi M ya kudumu, maana herufi za mwanzo zinagombaniwa na kila kinachochomekwa.

Nimepata nakala ya daftari la zamani, ya miezi 4 iliyopita, ni faili la XML, yaani maandishi yanayoweza kufunguliwa na kuhaririwa. Anwani zote humo zinaanza na C, herufi ya diski ya ndani. Nikizibadilisha kwa kihariri cha maandishi zisomeke M na folda mpya, pleilisti zitarudi? Aliyewahi kufanya aniambie kabla sijagusa kitu. Na wale wa "siku hizi watu wanasikiliza mtandaoni", leo msinijibu.