Kiti cha umeme cha ngazi kwa mama: ngazi ina kona, muuzaji ananiharakisha

Kitindamimba

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mama yangu ana miaka 78, goti la kulia limechakaa, na kwa hali ya moyo wake daktari hataki kusikia habari ya upasuaji. Chumba chake kiko juu. Siku hizi anashuka mara moja asubuhi na kupanda mara moja usiku, akiwa amekaa kitako, kidato kimoja kimoja, na hataki mtu amwone. Mimi nilimkuta wiki iliyopita kwa bahati mbaya. Nikajifanya natafuta chaja.

Tumekubaliana kumwekea kile kiti kinachopanda ngazi kwa reli. Ngazi yetu ina vidato 14: kumi vimenyooka, halafu inakata kona, vinne vya mwisho. Wamekuja wauzaji wawili. Wa kwanza alipima dakika kumi, akataja bei, kisha akasema nikisaini palepale anashusha karibu theluthi, ila akishavuka mlango punguzo limekufa. Wa pili alikaa kama saa nzima, akapiga picha kila kidato. Bei yake iko juu kidogo, na anasema reli itachukua wiki kadhaa kutengenezwa. Kaka yangu naye ameona cha mtumba kwa nusu ya bei hizo. Tunachanga ndugu wanne, na mifuko hailingani. Nianzie wapi?

Fundi_Reli

Mpe mama shikamoo yangu. Nimefunga na kung'oa viti hivi miaka mingi, kwa hiyo nianze na hicho cha kaka yako: achaneni nacho. Reli ya ngazi iliyonyooka ikizidi urefu inakatwa, na kiti kinahamia nyumba nyingine bila shida. Hapo mtumba una maana, hata kukodi kuna maana. Reli ya kona imepindwa kwa vipimo vya ngazi moja tu. Ndiyo sababu ya zile picha na zile wiki kadhaa. Aliyepima dakika kumi ngazi yenye kona, ama atarudi kupima tena mkishalipa, ama atawaletea reli isiyokaa.

Ujue pia upande wa pili wa jambo hilo: siku mkitaka kukiuza, mnunuzi ni mtu wa spea tu. Muulize muuzaji sasa hivi, kabla ya kulipa, kama atakinunua au walau atakuja kuking'oa bure. Kuking'oa si kazi kubwa, reli hufungwa kwa bolti kwenye vidato, si ukutani, yanabaki matundu ya kuziba.

Hiyo kona, je, ni sehemu bapa ya kusimama au ni vidato vilivyokatwa pembe? Ikiwa ni bapa na pana, unaweza kuweka viti viwili vya reli nyoofu, mama ashuke kimoja akae kingine. Mara nyingi ni nafuu. Lakini kwa goti hilo, kusimama mara ya ziada katikati ya ngazi mimi sikupendi.

Umeme ukikatika msiogope. Ndani mna betri mbili za volti 12, zitampandisha na kumshusha safari kadhaa. Zinachajiwa kiti kikiwa kimeegeshwa mwisho wa reli, juu au chini. Kikiachwa katikati hakichaji. Nusu ya simu ninazopigiwa, "fundi, kiti kimekufa", nikifika nakuta mtu amezima swichi ya ukutani ili achaji simu yake. (Wewe na chaja zako, jihadhari.)

Na huyo wa theluthi, mwambie aandike bei hiyohiyo kwenye karatasi, iwe halali mwezi mzima. Utaona.

MamaTatu

Naongezea kwa uchungu. Sisi tulipima ngazi, baba hatukumpima. Nyonga yake haikunji vizuri, kiti kikawa kifupi mno kwake, kuinuka ni vita. Kumbe vipo vya kuegemea nusu umesimama, hakuna aliyetuambia. Nenda naye mahali vilipo, akae, ajifunge mkanda mwenyewe, aguse kila kitu kwa mikono yake.

Kubwa zaidi ni kule juu. Kiti kikifika kinatakiwa kizunguke ili mtu ashuke akiangalia sakafu, si akiangalia shimo la ngazi. Chetu kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono. Vidole vya baba havikuweza, akawa anashuka hivyohivyo kiubavu, roho zetu mkononi. Kinachojizungusha kwa umeme kinaongeza gharama, lakini mkibana matumizi, baneni kwenye rangi ya kitambaa.

Malipo: tulilipa yote mwanzoni. Baada ya hapo kila nikipiga simu naambiwa meneja yuko kwenye kikao. Toeni kianzio, kingine baada ya mama kupanda na kushuka mbele yenu. Na kama mnakoishi kuna msaada au msamaha wa kodi kwa vifaa vya wenye ulemavu, ulizeni kabla ya kununua, mara nyingi ukishanunua umechelewa.

Babu_Goti

Mimi ndiye mwenye goti, si mwenye mama. Nimesoma juu hadi chini, sijaona mahali mama ameulizwa. Mie wanangu waliniletea muuzaji sebuleni kama posa. Huenda angependa kuhamia chumba cha chini, huenda hataki kabisa, ana lake huko juu. Halafu kiwe na ufunguo. Wajukuu wangu walikigeuza bembea.

Kitindamimba

Asanteni sana. Kona ni vidato vya pembe, kwa hiyo viti viwili haviwezekani. Wa kwanza nilimwomba aandike bei, hajanipigia tena hadi leo. Wa pili amekubali kianzio na salio baada ya kufunga. Kaka mkubwa analipa kiti, sisi watatu tunagawana betri na sevisi kila mwaka waranti ikiisha.

Babu, nilikwenda kumuuliza. Chini hataki, kwenye dirisha la juu ndiko anakomwona kila anayeingia na kutoka. Jumamosi tunakwenda akajaribu kukaa. Hakuuliza bei wala usalama, ameuliza kitu kimoja: kikipanda kinalia?

Fundi_Reli

Kinavuma kama cherehani ya umeme. Akifunga mlango wa sebuleni hamtasikia.