Naomba ushauri: nataka kuwazungusha wifi na mama mkwe kwenye kahawa za Mikindani, nianzie wapi?

Dada wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naishi Mtwara mjini mwaka wa tatu sasa, ndoa ndiyo iliyonileta. Wiki ijayo wifi yangu anakuja kutoka Dar pamoja na mama mkwe, watakaa siku tatu. Wifi ni mtu wa mikahawa. Kila Jumamosi yeye na shoga zake wanatoka mkahawa huu wanaingia ule, kikombe kimoja kimoja, huku wakiangalia majumba ya zamani ya Posta na Kisutu. Keshaniambia kwenye simu: "Wifi, huko kwenu nizungushe hivyo hivyo, nataka mji wa kale, pembeni ya maji." Mama mkwe ni wa Tanga, kahawa chungu baada ya alasiri haikosi, ila ana miaka 68 na magoti yanamsumbua.

Nimewaza Mikindani. Shida ni kwamba mara ya mwisho nilimpeleka mfanyakazi mwenzangu, tukafika saa saba mchana, jua la utosi, milango imefungwa, hata chai hatukupata. Tukasubiri hadi jioni, tukaona kijiwe cha kahawa, tukakaa barazani. Wazee wakanyamaza. Gumzo lililokuwa limenoga likakatika pale pale. Salamu waliitikia vizuri, hakuna aliyetusema, lakini nilijisikia kama nimeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Tukanywa harakaharaka tukaondoka.

Nina elfu sitini kwa siku hiyo, watu watatu, usafiri humo humo. Niende saa ngapi, nianzie wapi, na mwanamke akae wapi anywe kahawa bila kuwaharibia watu baraza lao?

Mwana wa Ghuba

Dada, karibu sana kwetu. Mahali hukukosea, ulikosea saa. Mikindani inaamka mara mbili kwa siku. Asubuhi mpaka kama saa tatu kina mama wako nje na vitumbua, chapati, mihogo ya kukaanga na chai ya tangawizi. Baada ya hapo watu wako shambani, baharini au wamekuja huko mjini kwenu, na mji unalala. Unaamka tena watu wakitoka msikitini alasiri. Hapo ndipo muuza kahawa anatoka na dele lake juu ya jiko la mkaa, na vikombe vinaanza kugongana.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: angalia mwezi. Ghuba yetu ni ya kina kifupi. Maji yakitoka unaona tope na mizizi ya mikoko, na harufu yake ipo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi jioni, yaani saa ile ile ya kahawa. Wifi yako akiikuta Mikindani imejaa maji mpaka karibu na barabara, ngalawa zinaelea, hatasahau. Kama wageni wanaweza kusogeza safari siku mbili tatu ili waangukie bamvua, wasogeze.

Kofia ya Vito

Nitasema ukweli wangu. Baraza si mkahawa. Pale wazee wanazungumza misiba, mashamba, bei ya korosho, mtoto wa nani kaposa wapi. Mtu akija na simu juu kupiga picha vikombe, amewageuza wenzake kuwa mapambo. Mleta uzi umeonyesha adabu kwa kuuliza, nakushukuru, na hili silisemi kwa ubaya. Kunyweni, ulizeni, sikilizeni, simu zikae kwenye mikoba mpaka muombe ruhusa. Na ukiambiwa hapana, iwe hapana.

Bi Mkubwa wa Kusini

Mwanangu, mimi nimezaliwa Mikindani, nimeolewa hapo hapo. Wanawake tunakunywa kahawa tangu zamani, usidhani ni ya wanaume peke yao. Tofauti ni mahali pa kukaa. Sisi tunampa mtoto chupa ya chai anakwenda kujaziwa kwa muuza kahawa, tunakunywa kwenye baraza zetu za nyumbani. Kwa hiyo beba chupa yako safi na vikombe vyako vitatu. Nenda kwa muuza kahawa, salimia, mwambie akujazie, mlipe, nunua na kashata. Halafu kaeni ukingoni mwa bahari kwenye kivuli. Hapo hujamharibia mtu gumzo.

Lakini una bahati ambayo huioni. Una mtu mzima wa miaka 68! Ulipokwenda na mwenzako mlikuwa wasichana wawili wageni, wazee hawakujua wawaweke wapi. Mama mkwe wako akitangulia yeye, akasalimia, akapewa shikamoo, atatafutiwa kiti bila kuomba. Ninyi mkae nyuma yake. Mwache yeye ndiye aongee.

Dada wa Shangani

Shikamoo Bi Mkubwa. Hili la kumtanguliza mama sikuliwaza kabisa. Mimi nilikuwa namfikiria yeye kama mzigo wa kupangia njia fupi, kumbe yeye ndiye mwenye ufunguo. Ahsante sana. Vipi kuhusu choo na kiti cha kuegemea? Magoti yake hayawezi kukaa juu ya jiwe saa nzima.

Mwana wa Ghuba

Boma. Ni lile jengo kubwa jeupe juu ya barabara, Wajerumani walilijenga 1895. Lilikuja kubaki gofu mpaka shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolifufua, likawa hoteli. Piga simu kwanza ujue jiko linafanya kazi siku hiyo. Bei ni ya hoteli, kwa hiyo agizeni kinywaji tu, mama apumzike, wifi apige picha zake kwa raha. Kuna kimwinuko, bajaji iwafikishe juu kabisa.

Kutoka hapo mnashuka polepole kwenye nyumba za zamani. Mwonyeshe wifi kuta zilivyovunjika, maana pale ndipo utaona nyumba ilivyojengwa: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Kuna nyumba yenye mlango wa kuchonga na kibao cha Livingstone, aliyeshukia Mikindani 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Mimi lakini huwa nawaambia wageni wasiishie kwenye kibao. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyoteremshwa watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na hao hawana vibao vya majina.

Na wifi akiuliza mbona mji mzuri namna hii umebaki hivi, mwambie ni bandari. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga 1947 walitaka maji ya kina kwa meli kubwa, ghuba yetu haina. Wakajenga Mtwara. Mradi wenyewe ulikufa 1951, bandari ikabaki huko, na biashara ikaifuata. Babu yangu alikuwa na duka hapa, akahamia huko na makufuli yake.

Mtu wa Masasi

Ijumaa epuka saa sita mpaka saa nane. Na kama ni Ramadhani, mpango wote huu uhamishie baada ya futari.

Lindi Yetu

Naona watu wa Mtwara mnajipigia debe. Dada, una siku tatu, na Lindi ni kama kilomita 100 tu na kidogo, lami tupu. Kama wifi anataka maji ya mto hasa, sisi ndio tuna mdomo wa Lukuledi. Mnakunywa kahawa upande wa mjini, mnavuka kwenda Kitunda, mnarudi. Na ni gati hii ya Lindi ilikopitia mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru, 1909 mpaka 1913, wapagazi wakiibeba kichwani na mabegani kutoka porini kwa siku kadhaa. Mjusi mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mzee anayejua habari hizo ukimpata kwenye kahawa, usiondoke mapema.

Kofia ya Vito

Lindi siipingi. Ila kwa magoti ya mama, siku moja mji mmoja.

Dada wa Shangani

Wakuu, tumerudi jana, naleta mrejesho.

Tulitoka hapa saa nane na nusu kwa bajaji, ni kama kilomita 10 tu. Tukapumzika juu, tukashuka. Maji yalikuwa yanajaa kweli, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tulipokaribia kijiwe nikabaki nyuma, mama akatangulia na kanga yake mabegani. Akasimama, akatoa salamu. Mzee mmoja akainuka, akampa kiti chake cha plastiki, yeye akahamia kwenye gogo. Akaulizwa, "Mama ni wa wapi?" Akasema Tanga. Basi! Mmoja aliwahi kufanya kazi kwenye mkonge huko Muheza, wakaanza kutajiana mashamba na mameneja wa zamani.

Muuza kahawa alinishangaza. Vikombe vinne katika mkono mmoja, vidole vimevishikilia kwa kingo, mkono mwingine unainua dele juu mpaka uzi wa kahawa unakuwa mwembamba kama wa kushonea, halafu anaushusha bila tone kudondoka. Mama alionja, akafumba macho, akasema: "Hii tangawizi imetwangwa, haikusagwa." Muuza kahawa akacheka kwa furaha, akasema mama huyo anajua. Mama akayamwaga machicha ya chini pembeni kama wanavyofanya wao, akaomba cha pili, cha tatu.

Wifi hakutoa simu hata mara moja kijiweni. Tulipokuwa tunaaga ndipo akaomba picha ya dele peke yake, wakamruhusu. Njiani aliniambia kwamba Dar hajawahi kujua jina la mtu anayemtengenezea kahawa. Elfu sitini ilibaki elfu kumi na tisa, na iliyokwenda nyingi ililiwa na bajaji na Boma. Kijiweni tulikunywa mpaka tukachoka kwa chini ya elfu tatu na kashata juu.

Sasa mama anataka kurudi Tanga na kahawa hii hii. Nimeambiwa mchanganyiko wake hauuzwi tayari. Napataje?

Bi Mkubwa wa Kusini

Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Usinunue ya kusagwa. Sokoni ulizia buni mbichi, nusu kilo inatosha, na tangawizi kavu ya vipande. Kaanga kwenye chungu kwa moto mdogo, usiache kukoroga, mpaka ziwe nyeusi na zianze kutoa mafuta, kisha zipoe kabisa. Mtwangie mbele yake kwenye kinu, yeye mwenyewe atakwambia tangawizi ikitosha.