Ushauri: safari ya kwanza ya jahazi Lamu tukiwa na watoto wanne wadogo

Mama Wanne, Malindi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wenye kuijua bahari ya Lamu, hasa waliowahi kuisafiri wakiwa na watoto.

Mimi na mume wangu tumejaliwa watoto wanne: wa kwanza ana miaka 8, wa pili 5, wa tatu 3, na kitindamimba ana miezi 9, ndiyo kwanza anaanza kushika vitu asimame. Likizo ya Disemba tumekusudia kupanda basi hadi Lamu, tukodi jahazi pamoja na nahodha na mabaharia wake kwa siku tatu, tulale humo humo chomboni, tupite visiwa vya Manda na Pate hadi kisiwa cha Kiwayu. Mama mkwe wangu atafuatana nasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala baharini, ila mume wangu hupenda kutukumbusha kwamba babu yake alikuwa baharia, kana kwamba jambo hilo hurithiwa.

Awali tulizitazama zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa. Nilipoyasoma masharti nilikata tamaa: kampuni nyingi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu hutaka awe ametimiza miezi 12, anayevaa nepi kwa kawaida haruhusiwi katika bwawa la kuogelea, vyumba vya michezo vyenye walezi aghalabu huanzia miaka 3, na kila mtoto, hata wa kunyonya, hutakiwa awe na pasipoti yake. Tukaona ni fedha nyingi za kwenda kumzuia mtoto kando ya bwawa siku nzima.

Ningependa kujua kama siku tatu za jahazi ni jambo la busara kwa umri huu, kama Disemba ni wakati mwema, na ni nini nikikague kabla sijatoa hata shilingi moja ya arubuni.

Nahodha Mstaafu, Matondoni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu umeuliza mapema, na wengi huja kuuliza wakiwa wamekwisha kulipa.

Disemba si mbaya. Kusi, upepo wa kutoka kusini, imekwisha, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ndiyo inaanza, na kwa kawaida haijapata nguvu ya Januari na Februari. Lakini kaskazi hutoka upande huo huo mnaotaka kwenda. Kutoka Lamu kuelekea Pate na Kiwayu chombo huenda bisho, yaani hukata huku na huku dhidi ya upepo, na kila kinapogeuzwa foromali, yaani mti unaobeba tanga, huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, kamba zinapita juu ya vichwa, na watu wote husogezwa. Kwa watu wazima ni burudani. Kwa mtoto wa miaka 3 aliyelala ni kuamshwa kila mara, na kwa anayetambaa ni hatari. Mabaharia wa kweli watawasha mashine badala ya kuwachosha watoto, basi hakikisha mashine ipo, inawaka, na mafuta yake yamo katika bei mliyokubaliana.

Kiwayu iondoeni katika mpango wa safari hii. Ni takriban kilomita 50 kutoka mji wa Lamu, kuna sehemu ambapo chombo hukutana na mawimbi ya bahari kuu, na ni karibu na mpaka wa Somalia, ambako hali ya usalama ni jambo la kuulizwa kwa wahusika kabla ya kila safari. Mtoto akipata homa usiku huko, hospitali iko mbali. Pate nayo ina mambo makubwa ya kuonwa, magofu ya mji wa kale na ngome ya Siyu, lakini chombo hutegemea maji: kwenye mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, pana maji machache, na ukichelewa maji yakapwa utakaa kwenye matope na mikoko ukingoja yajae tena. Hizo ni saa kadhaa, na mbu wa mikokoni hawangoji.

Shauri langu ni kwamba mpange siku zenu kwa maji kwanza, kisha kwa usingizi wa watoto, na mahali pa kwenda pawe jambo la tatu. Laleni mjini Lamu au katika kijiji cha Shela, ndani ya nyumba, mkodi chombo asubuhi, mrudi kabla upepo wa alasiri haujakaza. Siku moja njooni Matondoni mwaone mafundi wanavyounda vyombo: watoto hupenda kutazama keekee ikizungushwa kwa upote kutoboa mbao, na pamba inavyogongwa katikati ya mbao kwa kalafati ili maji yasipenye. Siku ya pili nendeni magofu ya Takwa huko Manda. Siku ya tatu kaeni ufuoni tu, wachimbe mchanga.

Baba Pacha, Malindi

Naungana na Nahodha kuhusu Kiwayu, ila sikubaliani naye kabisa kuhusu kulala chomboni. Pacha wetu walikuwa na miaka 6 tulipolala usiku mmoja jahazi likiwa limetia nanga mahali palipokingika, karibu na Shela, na hadi leo huo ndio usiku wanaouhadithia. Usiku mmoja tu, nanga iwe karibu na nchi, na kuwe na mashua ndogo ya kuwafikisha ufuoni lolote likitokea. Kwa mtoto wa miezi 9 nisingefanya.

Kuhusu njia: Malindi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu, ni takriban kilomita 220 kupitia Garsen na Witu, na siku hizi barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami. Panda basi la mapema. Njiani kuna vituo vya ukaguzi, kwa hivyo vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkobani, visiwe ndani ya sanduku lililofungwa chini ya basi. Mkifika Mokowe mtazungukwa na vijana wanaogombania mizigo. Mtu mzima mmoja ahesabu mizigo, mwingine ahesabu watoto, na kazi hizo mbili asipewe mtu mmoja.

Choo ni jambo ambalo watu huona haya kuliuliza. Majahazi mengi ya kukodi hayana choo cha maana. Chukua poti ya mtoto na mfuko imara usiovuja wa kurudishia nepi nchi kavu, na usikubali mtu akuambie uzitupe baharini.

Muuguzi wa Langoni, Lamu

Dada, kabla hujakagua tanga, kagua jaketi okozi. Nahodha akikuambia jaketi zipo, mwombe azitoe siku moja kabla, umvishe kila mtoto yake, ufunge vifungo vyote, kisha umnyanyue mtoto taratibu kwa kushika mabega ya jaketi. Ikipanda ikafika masikioni, hiyo ni kubwa na majini itamvuka kichwani. Ya watoto wadogo iwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja, na kola ya nyuma inayomwinua kichwa. Ukikuta jaketi za watu wazima pekee, tafuta chombo kingine. Usikubali kuambiwa kwamba bahari ya Lamu ni shwari. Watoto wazivae tangu gatini, si mpaka mawimbi yaanze.

Kuhusu kichefuchefu: mtoto aliye chini ya miaka 2 ni nadra kulevywa na bahari, anayeteseka zaidi huwa wa umri wa miaka 5 hadi 10 hivi, kwa hivyo wawili wenu wakubwa ndio wa kuangaliwa. Wakae katikati ya chombo, watazame mbali, wasitazame simu, na wale kitu chepesi kabla ya kuondoka badala ya kukaa na njaa. Dawa ya kuzuia kutapika ulizia kwa daktari mkiwa bado Malindi. Prometazini, ambayo watu huinunua ovyo dukani, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumzuia kupumua.

Ombeni chombo chenye chandarua cha kivuli. Jua la saa tano juu ya maji humchoma mtoto hata akiwa amekaa kivulini, maana mwanga huakisiwa kutoka chini, kwa hivyo nguo za mikono mirefu na kofia zisivuliwe. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani. Malaria ipo, basi usiku ni vyandarua vya mbu, na akipata homa baada ya safari apimwe upesi.

Bibi wa Shela

Mwanangu, sisi tumewavusha watoto wetu tangu enzi hizo bila vitu vyote hivi. Mtoto wa kunyonya hufungwa mbeleko kifuani kwa mamaye akalala, na huyo mtundu wa miaka 3 hufungwa kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti. Chakula nacho usiwaachie mabaharia peke yao, kwani watapika pilipili. Beba mkate wa mofa, mayai ya kuchemsha, ndizi na viazi, nao watakula wali wa nazi na samaki wa kuchoma mkitua.

Muuguzi wa Langoni, Lamu

Shikamoo Bibi. Kwa chakula nakubali kila neno, na ningeongeza kwamba jiko la makaa lisiwashwe chombo kikiwa mwendoni na watoto wakizunguka. Kipikwe mkiwa mmetia nanga au mmetua.

Katika suala la kamba na mbeleko, nisamehe, nitapinga. Chombo kikipinduka, aliyefungwa mlingotini huenda nacho chini. Na mama aliyefunga mbeleko akianguka majini, kitambaa kilicholowa hukaza, fundo halifunguki, naye hawezi kumwinua mtoto uso juu ya maji. Mtoto apakatwe kwa mikono, mwenye kumpakata awe amevaa jaketi yake na ameketi chini, si kwenye ukingo, na asiwe na kazi nyingine yoyote. Kwa miezi 9 jaketi inayomkaa sawasawa ni ngumu kupata katika vyombo vya kukodi. Kama hamtaipata Malindi au Mombasa kabla ya safari, heri abaki nchi kavu na bibi yake.

Bibi wa Shela

Marahaba. La kamba nimelisikia. La mbeleko bado naona mama anamjua mwanawe, lakini kama kuna bibi wa kubaki naye, basi abaki. Shela kuna kivuli na upepo, na mtoto hatakosa wa kumpokea.

Mama Wanne, Malindi

Shikamooni wakubwa zangu, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mume wangu, naye amenyamaza kuhusu babu yake.

Tumeamua hivi. Kiwayu na Pate zitangoja hadi watoto wakue. Tutapanga nyumba Shela, tutakodi chombo kwa siku, na usiku wa kulala nangani tutauamua tukiwa huko, baada ya kuona wakubwa wawili walivyoipokea bahari. Ukiwepo, utakuwa wa baba yao na wao wawili tu. Kitindamimba atabaki na mama mkwe wangu siku za mwendo mrefu, ambaye, nikisema ukweli, alipumua kwa faraja niliposoma sehemu hiyo.

Naomba moja tu kwa Baba Nahodha. Takwa tungependa kwenda asubuhi, kwa sababu wa miaka 3 hulala baada ya adhuhuri na asipolala hatutazamiki. Je, maji yataturuhusu?

Nahodha Mstaafu, Matondoni

Inategemea mwezi, mwanangu. Takwa huingiwa kwa hori yenye mikoko, na maji yakipwa mtalazimika kushuka na kukanyaga matope kwa masafa, jambo ambalo kwa watoto watatu si la kutamani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri karibu na saa kumi, na mnamo saa nne asubuhi huwa yamekauka kabisa. Siku hizo asubuhi yenu haifai. Ngojeni mpaka mwezi uwe na siku tisa au kumi, au ishirini na nne hivi. Hapo maji hujaa kuelekea adhuhuri, mnaingia yakiwa yanapanda na mnatoka kabla hayajashuka. Kwa kuwa ni karibu na maji mafu, hayajai sana, kwa hivyo chukueni mashua ndogo, si jahazi kubwa. Saa kamili ziangalieni katika jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya mwaka huo, kisha mwulizeni nahodha wenu bila kumwambia mlichokiona. Jibu lake likitofautiana na jedwali kwa saa mbili, tafuteni mwingine.

Takwa yenyewe haichoshi watoto. Mji ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na bado mtaona msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na mibuyu mikubwa ya kuzungukwa. Watu wa Shela hufanya ziara huko kuomba mvua, basi watoto waambiwe wasipande juu ya makaburi.

Na gatini Lamu, maji yakiwa yamepwa, ngazi za chini huwa na mwani unaoteleza. Baharia mmoja asimame chomboni na mwingine ngazini, watoto wapokewe mmoja mmoja kutoka mkono hadi mkono, na mizigo ifuate baadaye.