Vani iliyogeuzwa nyumba: inveta inazima, paa linavuja, kila mtu anatupa mpira kwa mwenzake. Waranti ni ya nani?

Dira_ya_Barabara
Habari wakuu. Vani ya dizeli, imegeuzwa nyumba karakanani, ina miezi 14 tangu kukabidhiwa. Betri ya nyumba ni moja ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya 100Ah, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 2000, chaja ya DC-DC (inayoijaza betri hiyo kutoka umeme wa injini) ya ampea 30, na feni kwenye paa. Birika la umeme la wati 1500 likiwashwa, baada ya sekunde chache inveta inazima na taa zote za ndani zinakufa nayo. Mvua ikinyesha, maji yanatokea juu ya kabati la nyuma. Tena ule mfumo wa injini kujizima kwenye foleni umeacha kufanya kazi.

Wa inveta wanasema ni betri. Wa betri wanasema ni nyaya. Karakana inasema nidai kwa watengenezaji wa vifaa. Wakala wa gari anasema umeme umeguswa, haimhusu. Nianze na nani?

Ampea200
Mkuu, umeandika jibu bila kujua: taa zinakufa *nayo*. Ingekuwa inveta ndiyo mbovu, taa zingebaki zinawaka, kwa sababu hazipiti kwenye inveta, zinachukua umeme moja kwa moja betrini. Kilichozima ni BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri.

Piga hesabu. Wati 1500, ukihesabu inveta inapoteza kama asilimia 10, ni karibu wati 1670 kutoka betrini. Gawanya kwa volti 12.8: ampea 130. Soma lebo ya betri, sehemu ya mkondo wa kutoa mfululizo. Betri nyingi za 100Ah zimewekewa kikomo cha ampea 100. Kama yako ni hivyo, betri inajilinda inavyotakiwa na inveta ni nzima, na ukiwadai hao wawili utazungushwa mpaka uchoke. Aliyeoanisha inveta ya 2000 na betri hiyo ndiye wa kujibu, yaani karakana.

Kabla hujaandika barua, pima. Washa mzigo mdogo, wati 700 hivi, weka multimita kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za inveta, mzigo ukiwa bado unawaka. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna waya mwembamba au kichwa cha waya hakikubanwa vizuri. Piga picha ya multimita ikiwa imeshikwa pale pale kwenye ncha, namba isomeke. Kwa inveta ya 2000 kwenye volti 12, waya wa milimita za mraba 70 ndio saizi ya kujiamini, na fyuzi ikae sentimita chache tu kutoka ncha chanya. Fyuzi iliyofungwa kule kwenye inveta hailindi waya wowote ulio kabla yake, na hapo ndipo moto huanzia.

Mkataba_Kwanza
Naongezea upande wa waranti. Hakuna waranti moja ya gari zima. Zipo tatu: ya mtengenezaji wa gari (injini, giaboksi, bodi), ya kila kifaa, na ya kazi ya karakana. Hiyo ya tatu mara nyingi ndiyo fupi, kwa hiyo angalia tarehe leo hii. Kama ni miezi 24 uko salama. Kama ni 12, tafuta kwenye mkataba maneno yanayohusu kasoro ya usanifu, maana hesabu mbovu ilikuwepo siku ya kwanza.

Dai kwa maandishi, kasoro moja kwa barua moja, na usiruhusu fundi mwingine afungue chochote kabla karakana haijajibu. Skrubu ikishaguswa na mkono wa tatu, karakana imepata pa kutokea. Kadi za usajili wa vifaa nazo zikague, kwa sababu wakati mwingine kifaa kimesajiliwa kwa jina la karakana, na mtengenezaji hatakusikiliza mpaka ubadilishe.

Bati_na_Gundi
Kuhusu maji: usiamini mahali yanapodondokea. Yanaingia kwenye tundu la feni, yanateleza juu ya mbavu za paa, kisha yanashuka mita mbili mbele au nyuma. Chukua mpira wa maji, anza chini kwenye mipira ya milango, dakika 10, panda taratibu mpaka feni. Mtu mmoja awe ndani na tochi.

Ikiwa ni feni, karakana ivue fremu mbele yako, uangalie ukingo wa bati lililokatwa. Unatakiwa kuwa umepigwa tupa, ukapakwa praima ya kuzuia kutu, ndipo gundi. Ukiona bati tupu lenye rangi ya kahawia, piga picha haraka: waranti ya kutu ya mtengenezaji hailindi mkato wa mtu mwingine, kwa hiyo deni hilo ni la karakana. Na wasikuletee silikoni juu ya silikoni, haishiki. Ikwanguliwe yote, isafishwe, iwekwe poliyurethani.

Dira_ya_Barabara
Asanteni sana. Lebo ya betri inasema 100A mfululizo. Jambo jingine: waya hasi wa chaja ya DC-DC umefungwa moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri ya injini, juu ya kile kidude chenye plagi ndogo.

Ampea200
Hicho kidude ni sensa. Inahesabu mkondo unaoingia na kutoka, na waya uliofungwa upande wa betri unairuka, kwa hiyo kompyuta ya gari haijui betri ina chaji kiasi gani na inazuia injini isijizime. Miongozo ambayo watengenezaji wa magari huwapa wanaoyageuza inataka waya hasi uende kwenye boliti ya chasisi. Piga picha kwanza, peleka dai, kisha karakana iuhamishe. Baada ya hapo gari lilale saa kadhaa limefungwa ili sensa ijipange upya, ndipo urudi kwa wakala akasome kompyuta.